Mfahamu Afisa wa Mkuza: Kazi na Mipaka Yake Katika Matengenezo ya Mabomba na Njia za Umeme

Bomba la TAZAMA limekuwa likisafirisha mafuta kutoka Kigamboni, Dar es Salaam, hadi Ndola nchini Zambia tangu mwaka 1968. Lina urefu wa kilomita 1,710, na juu ya ardhi lilimofukiwa watu hulima, huchunga mifugo na kupita kila siku. Wengi walioshuhudia likifukiwa hawapo tena. Wenye mashamba leo ni watoto na wajukuu wao, na baadhi yao hulifahamu bomba hilo kwa vigingi vya alama tu, bila kujua ni masharti gani yaliyoambatana na ardhi waliyorithi.

Hapo ndipo ilipo kazi ya afisa wa mkuza. Mkuza ni ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya kupitisha bomba, nyaya za umeme au miundombinu mingine ya huduma kwa umma, pamoja na nafasi ya kuifikia, kuikagua na kuitengeneza. Afisa wa mkuza ni mtumishi wa taasisi inayomiliki miundombinu hiyo, au wa mkandarasi wake, anayehakikisha kuwa njia hiyo inapitika kihalali na kwa usalama, na kwamba mwenye ardhi anashirikishwa na kulipwa anachostahili. Taasisi humwita kwa majina tofauti: msimamizi wa mkuza, afisa ardhi wa mradi, na wakati mwingine afisa uhusiano wa jamii. Jina lolote atakalokuja nalo, mwananchi atamtambua kwa kazi yake: ndiye anayefika kabla ya mafundi, na anapaswa kuwa wa mwisho kuondoka baada yao.

Kazi hii imepanuka sana katika miaka ya karibuni. Gesi asilia ya Songo Songo, wilayani Kilwa, imekuwa ikifika Ubungo kwa bomba tangu mwaka 2004. Mwaka 2015 lilizinduliwa bomba la inchi 36 linaloleta gesi kutoka Madimba, mkoani Mtwara, hadi Kinyerezi. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP), kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 zipo Tanzania, katika mikoa ya Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Ukiongeza laini za umeme wa msongo mkubwa na mabomba makuu ya maji yanayohudumia miji, ni vigumu kuupata mkoa wa Tanzania Bara ambao mkuza haujagusa mashamba ya watu. Ujenzi wa miradi hii huvuta macho ya wengi na kutangazwa sana. Matengenezo yake, yanayoendelea kwa miaka 30 au 50 baada ya sherehe za uzinduzi, hayatangazwi, ingawa ndiyo yatakayomkutanisha mwananchi na taasisi mara nyingi zaidi.

Ardhi iliyotwaliwa na ardhi yenye haki ya njia

Swali ambalo mwananchi anapaswa kuuliza kabla ya jingine lolote ni hili: ardhi ya mkuza katika eneo langu ilitwaliwa, au iliwekewa haki ya njia tu? Majibu mawili hayo yana matokeo tofauti kabisa, na migogoro mingi ya mikuza huanza kwa sababu upande mmoja unazungumzia jambo la kwanza na upande wa pili unazungumzia lile jingine.

Ardhi inapotwaliwa chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 (Sura 118), miliki ya awali hukoma. Mmiliki hulipwa fidia, na tangu hapo ardhi hiyo hushikiliwa kwa manufaa ya umma. Kuendelea kulima humo, hata kwa ruhusa ya mdomo ya mtumishi fulani, hakurudishi umiliki. Haki ya njia inatambuliwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 (Sura 113), nayo ni jambo jingine. Hapa mwenye ardhi hubaki kuwa mmiliki. Hati yake haifutwi, wala haki yake ya kimila haiondolewi. Ila ardhi yake hubeba sharti: taasisi inaruhusiwa kupitisha miundombinu, kuingia kuikagua na kuitengeneza, na mwenye ardhi anazuiwa kufanya baadhi ya mambo juu yake. Sharti hilo huifuata ardhi, halimfuati mtu. Anayenunua shamba lenye haki ya njia hununua pamoja na sharti lake, hata kama muuzaji hakumwambia.

Afisa aliyejiandaa vizuri hufika kijijini akiwa na jalada lenye jibu la swali hilo: ramani ya upimaji, jedwali la fidia iliyolipwa, saini au alama za vidole za waliopokea, na picha zao. Katika uthamini, mmiliki hupigwa picha mbele ya mali yake akiwa ameshika kibao chenye namba yake ya usajili. Picha hizo huonekana ni jambo dogo siku zinapopigwa. Miaka 20 baadaye, mjukuu anapodai kwamba babu yake hakulipwa kitu, picha hiyo na saini iliyo pembeni yake ndizo humaliza ubishi, au ndizo huthibitisha kwamba mjukuu anasema kweli. Hutokea hivyo pia. Jalada linaweza kuonyesha kwamba mtu alithaminiwa na hakulipwa, na hapo ni wajibu wa afisa kulirudisha suala hilo ofisini kwake kama deni. Kulificha ni kuuahirisha mgogoro ambao utarudi ukiwa mkubwa zaidi.

Kazi ya kila siku

Wengi wa maafisa hawa wamesomea usimamizi wa ardhi, uthamini au upimaji. Chuo Kikuu Ardhi kilichopo Dar es Salaam, pamoja na vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro, vimewatoa wengi wao. Wengine wametoka katika fani za maendeleo ya jamii. Elimu ya vipimo ni ya lazima, lakini kwa waliokaa na kazi hii muda mrefu, sifa inayotofautisha afisa mzuri na wa kawaida ni uwezo wa kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji na kumsikiliza mzee akieleza mpaka wa shamba kwa kutaja mwembe uliokatwa zamani.

Sehemu kubwa ya siku zake hupita mkuzani, kwa miguu au kwa pikipiki. Anapopita huangalia kama vigingi bado vimesimama, kama kuna msingi mpya wa nyumba, shimo la choo, kisima au tanuri la matofali ndani ya ukanda. Huangalia miti. Mizizi mirefu huweza kuharibu ganda linalokinga bomba dhidi ya kutu, na mti mrefu chini ya nyaya za msongo mkubwa ni hatari hata kabla haujazigusa, kwa kuwa umeme huweza kuruka kupita pengo dogo la hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, kuchoma shamba chini ya laini ya msongo mkubwa kumekatazwa: moshi mzito huweza kuupa umeme njia ya kushuka.

Mito ina shughuli yake ya pekee. Bomba huvushwa chini ya kitanda cha mto, na wachimbaji wa mchanga wanapoingia hapo, msimu mmoja wa masika unaweza kulifukua bomba lililokaa salama kwa miaka mingi. Afisa anayeona malori ya mchanga karibu na mahali bomba linapovuka hapaswi kusubiri zamu ya ukaguzi inayofuata. Vilevile kuna nguzo fupi za kupimia, zinazohusiana na mkondo mdogo wa umeme unaopitishwa kwenye bomba ili kuzuia kutu. Anayeng'oa nyaya za nguzo hizo ili auze chuma chakavu hupata fedha kidogo, na bomba huanza kuliwa na kutu bila mtu kuona.

Matengenezo yanapofika shambani

Matengenezo ni ya namna mbili. Kuna yaliyopangwa, kama kufyeka mkuza, kubadilisha kipande cha bomba, kukarabati ganda lake au kubadilisha nguzo. Kuna ya dharura, bomba linapovuja au waya unapoanguka. Katika dharura mafundi huingia kwanza, na hesabu ya uharibifu hufanyika baadaye. Hakuna anayeweza kusubiri mkutano wa kijiji huku gesi ikitoka. Hata hivyo dharura haifuti haki ya kulipwa. Huchelewesha tu utaratibu.

Yaliyopangwa yanapaswa kupita katika milango yake. Barua ya taasisi hupitia Halmashauri, hufika kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Barua hiyo inapaswa kutaja kazi itakayofanyika, eneo, tarehe na muda, mkandarasi, na jina la afisa atakayeshughulikia malalamiko. Mwananchi anayo haki ya kuomba kuiona na kuomba kitambulisho cha anayejitambulisha kuwa ametumwa. Afisa wa kweli hachukizwi na ombi hilo. Wapo matapeli waliowahi kuzunguka vijijini wakiandikisha watu na kuchukua ada ya fomu ambazo taasisi hutoa bure.

Chukulia mfano wa shamba la mikorosho na mihogo katika ukanda wa bomba la gesi wilayani Kilwa. Mafundi wanatakiwa kufukua mita 40 za bomba ili kurekebisha ganda la kinga. Kijiko na lori haviwezi kufika bila kupita nje ya mkuza, katikati ya mihogo. Hapa kuna mambo mawili ambayo mwananchi anapaswa kuyatenganisha. Ndani ya mkuza, kama ardhi ilitwaliwa na kulipiwa, madai yake huwa machache. Nje ya mkuza, kila shina la mhogo lililovunjwa na kila tawi la mkorosho lililokatwa ni mali yake, na njia hiyo ya muda inahitaji ridhaa yake iliyoandikwa.

Kabla ya kijiko kuingia, afisa hupita shambani pamoja na mwenye shamba, mjumbe wa serikali ya kijiji na mthamini. Huhesabu mimea kwa aina na kwa umri, kwa kuwa mkorosho unaozaa haulinganishwi na mche wa mwaka jana. Huandika, hupiga picha, na kila upande husaini. Mwenye shamba asisaini fomu yenye nafasi tupu, wala asiondoke bila nakala. Asiyejua kusoma aombe fomu isomwe kwa sauti mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Hesabu ikifanyika baada ya kijiko kupita, hakuna wa kumlaumu wala wa kumwamini, kwani shahidi pekee huwa ni udongo uliogeuzwa.

Kazi ikikamilika, udongo wa juu uliowekwa kando unapaswa kurudishwa juu, na mawe yaliyofukuliwa yaondolewe. Kisha huletwa fomu ya kukiri kwamba ardhi imerudishwa katika hali yake. Hapa tunashauri subira. Udongo uliofukiwa kiangazi huonekana sawa, lakini masika yakinyesha hutitia na kuacha mfereji unaoanzisha mmomonyoko. Mwananchi anaweza kuomba iandikwe kwenye fomu kwamba afisa atarudi kukagua baada ya msimu wa mvua, na taasisi makini hulikubali ombi hilo kwa kuwa mmomonyoko unaofukua bomba ni hasara yake pia.

Fidia na hesabu zake

Sheria ya Ardhi inaelekeza kwamba fidia iwe kamilifu, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zilizotungwa chini yake zinataja vipengele vyake: thamani ya ardhi na maendelezo yaliyofanyika, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na fidia ya kupotea kwa faida ya biashara. Posho ya usafiri hukokotolewa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Posho ya makazi ni kodi ya pango kwa bei ya soko ikizidishwa kwa miezi 36, na kupotea kwa faida hukokotolewa kwa faida halisi ya mwezi, nayo ikizidishwa kwa miezi 36. Posho za usafiri na makazi ni kwa anayelazimika kuhama. Mwenye shamba tupu lisiloendelezwa hazimhusu, na jambo hili huzua manung'uniko mengi ambayo maelezo ya mapema yangeyazuia.

Si afisa wa mkuza anayepanga viwango. Kazi hiyo ni ya mthamini aliyesajiliwa, na taarifa yake hupitia kwa viongozi wa ngazi mbalimbali kabla ya kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia ulioidhinishwa hudumu kwa miaka 2, na fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 huanza kudaiwa riba. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba jina lake lipo na malipo yanasubiriwa aulize tarehe ambayo taarifa iliidhinishwa. Tarehe hiyo moja ina uzito kuliko ahadi nyingi.

Suala la tegesha halina budi kutajwa. Vigingi vinapoonekana, wapo wanaojenga kibanda usiku au kupanda miche kwa msongamano ili walipwe. Kwa kukabiliana na hilo, kila mradi hutangaza tarehe ya ukomo, na kilichoongezwa baada yake hakihesabiwi. Tarehe hiyo ina upande wa pili usiosemwa vya kutosha: mkulima mwaminifu hukatazwa kupanda mazao ya kudumu, kisha mradi hukaa bila kumlipa. Afisa anapotangaza tarehe ya ukomo anapaswa kueleza, katika mkutano uleule, kile ambacho bado kinaruhusiwa. Mazao ya msimu mfupi kwa kawaida huruhusiwa hadi notisi ya kuondoka itakapotolewa, na kaya iliyoacha kulima mihogo kwa kutoelewa tangazo hupata njaa isiyo ya lazima.

Malipo hufanyika kupitia benki. Afisa wa mkuza hagawi fedha taslimu, na hapokei. Kwa mali ya familia, wenzi wote wawili wanapaswa kuwepo siku ya uthamini na siku ya kusaini. Si jambo la kuwafurahisha wanaume wote, lakini kesi za mke aliyerudi kutoka kliniki na kukuta shamba limeshasainiwa na fedha zimeshatumika zimetosha kuwafanya maafisa wasikubali saini ya upande mmoja. Makaburi yana utaratibu wake chini ya Sheria ya Uhamishaji Makaburi ya mwaka 1969. Familia hushirikishwa, na ibada hufanyika kwa desturi na imani yao. Hapo afisa hupaswa kuwa mpole kuliko mahali pengine popote.

Nyumba ndani ya mkuza na alama ya X

Mijini, ugomvi mkubwa zaidi ni wa nyumba zilizokwisha kusimama. Afisa akikuta ujenzi mkuzani hutoa notisi ya maandishi, na huenda ukuta ukawekewa alama ya X. Alama hiyo si hukumu. Ni taarifa kwamba jengo limeonekana ndani ya eneo linalodaiwa kuwa la hifadhi au mkuza, na mwenye nyumba anapaswa kufika ofisini akiwa na nyaraka zake. Kinachoangaliwa kwanza ni nani alitangulia. Mfano mzuri ni wa barabara: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa, na aliyekuwa na haki zake katika zile mita 7.5 zilizoongezwa hawekwi kundi moja na aliyejenga ndani ya mita 22.5 za awali. Msingi huohuo wa nani alitangulia ndio wa kuulizia katika mikuza ya mabomba na umeme.

Afisa wa mkuza hana mamlaka ya kubomoa kwa amri yake mwenyewe. Wala hana mamlaka ya kuruhusu ujenzi. Anayesema "jenga tu, nitakulinda" anauza kitu ambacho si chake, na siku ya kubomoa hataonekana. Serikali za vijiji na mitaa zilizogawa viwanja ndani ya mikuza zimewaletea wananchi hasara kubwa, na si haki mzigo wote umwangukie mnunuzi aliyepewa muhtasari wenye mhuri.

Usalama wa watu ndio sababu ya ukali huo. Tarehe 12 Septemba 2011, katika makazi ya Sinai yaliyokuwa karibu na mkuza wa bomba la mafuta jijini Nairobi, petroli ilivuja na kuingia kwenye mtaro. Watu walikwenda kuteka kwa ndoo, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Watanzania waliona maafa ya namna hiyo Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, ingawa huko chanzo kilikuwa lori la mafuta lililopinduka. Katika matukio yote mawili wengi waliokufa walikuwa wamekwenda kuteka mafuta.

Gesi asilia ni tofauti na petroli. Haina rangi, na kwa asili yake haina harufu, hivyo pua haitoshi kuitambua. Dalili za kuvuja ni sauti ya mvumo au mlio wa hewa inayotoka, vumbi linalorushwa kutoka ardhini bila upepo, mapovu kwenye dimbwi, au kipande cha majani yaliyokauka wakati ya jirani ni mabichi. Anayeona dalili hizo aondoke akielekea upande upepo unakotoka, asiwashe moto, pikipiki wala swichi, na simu aitumie akishafika mbali. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Namba ya dharura ya mwenye bomba huandikwa kwenye vibao vya tahadhari vilivyo kando ya mkuza, na ni vyema mwenyekiti wa kitongoji akawa nayo kwenye simu yake.

Pale kusipokuwa na maelewano

Malalamiko huanzia kwa afisa mwenyewe, kwa maandishi, na nakala kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Taasisi nyingi huweka daftari la malalamiko, na mlalamikaji aombe namba ya kumbukumbu. Kwa huduma za umeme, maji, mafuta na gesi, EWURA hupokea malalamiko ambayo mtoa huduma ameshindwa kuyamaliza. Mgogoro wa ardhi yenyewe hupita katika mabaraza. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, husuluhisha lakini halitoi uamuzi. Anayetaka uamuzi huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, kulingana na thamani na aina ya shauri. Anayekusudia kuishtaki taasisi ya umma atoe kwanza notisi ya siku 90. Mashauri mengi hutupwa kwa kukosa notisi hiyo, mdai akiwa hata hajasikilizwa hoja zake.

Mlalamikaji mwenye karatasi husikilizwa haraka kuliko mwenye maneno matupu, na karatasi huliwa na mchwa. Nakala za fomu za uthamini, za ridhaa ya njia ya muda na za malipo zihifadhiwe nyumbani, na nyingine ziachwe kwenye jalada la ofisi ya kijiji, ambako mrithi anaweza kuzipata. Anayetaka kununua ardhi iliyosajiliwa afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa. Kwa ardhi ya kijiji isiyo na hati, aombe kuona rejista ya ardhi ya kijiji, apite mpakani kwa miguu pamoja na majirani, na akikuta kigingi cha mkuza aandike namba yake na kuipeleka kwa taasisi iliyokiweka ili aelezwe upana wa ukanda huo kutoka kwenye kigingi hicho.